Nani Kachagua Kiti Hiki?

Mjomba wangu hapendi kusukumwa. Ukimshika kiti kwa nyuma bila kumwambia, hata kama nia yako ni kumvusha Barabara ya Kawawa pale Magomeni, atafunga breki palepale katikati ya lami na kukuuliza, "Nimekuita?" Magari yanapiga honi, konda wa daladala anatukana, yeye katulia tuli anangoja jibu. Mimi nimeulizwa swali hilo mara tatu. Mara ya nne nikajifunza kuuliza kwanza.

Ndugu msomaji, historia ninayotaka kukusimulia nimeitafuta kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya mtihani wowote. Nilitaka kujua jambo moja tu: hivi viti vya magurudumu, na lifti zinazovipandisha, vilibuniwa na nani, na nani alikuwa anachagua? Manake kiti cha kwanza cha mjomba hakukichagua yeye.

Alianguka kutoka ghorofa ya tatu akiwa kazini, kazi ya ujenzi, mwaka 2009. Uti wa mgongo ukaumia, miguu ikagoma moja kwa moja. Alipotoka hospitali shirika moja likampa kiti cha msaada. Bure kabisa. Watu wakapiga makofi, picha ikapigwa, mjomba kacheka mbele ya kamera. Kiti chenyewe kilikuwa kipana kama kochi, cha kumkalisha mgonjwa na kumsukuma kwenye korido ya marumaru. Magurudumu ya mbele madogo, membamba, magumu. Sasa kilete kiti hicho kwenye mchanga wa uchochoro wetu. Kilizama siku ya kwanza kabla hakijafika kwenye mlango wa jirani.

Lakini mchanga ulikuwa nafuu. Mjomba ni mwembamba, na ndani ya kile kiti alikuwa akilalia upande mmoja kama gunia lililopangwa vibaya. Baada ya miezi minne akapata kidonda cha kukalia ambacho hakukisikia, kwa kuwa chini ya kiuno hasikii kitu. Miezi mitano alilala kifudifudi, na kuna wiki ambayo mama alishaanza kuwapigia ndugu wa Tanga. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sibishani na Mungu, ila baadaye nilipima: kiti kilizidi upana kwa sentimita nane.

Basi twende kwenye historia yenyewe, na tuanzie mbali. Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, alikuwepo fundi saa kijana wa miaka 22 jina lake Stephan Farffler. Alikuwa hawezi kutembea. Akajitengenezea kigari cha magurudumu matatu, chenye mkono wa kuzungusha na meno ya kupokezana nguvu mpaka kwenye gurudumu la mbele, akili ileile ya ndani ya saa alizokuwa akizitengeneza. Anazungusha, kigari kinakwenda. Hamuiti mtu.

Nilipoona mchoro wa kigari hicho nilishtuka, maana mashine ile naijua. Si ndiyo baiskeli ya miguu mitatu, yenye pedali za mkono, unayoiona Kariakoo? Si ndiyo iliyofanya kazi Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wafanyabiashara wenye ulemavu walivusha mizigo kwa baiskeli zao mpaka wakawa tabaka la watu wa kutegemewa pale mpakani? Wengi wanaitazama baiskeli ile kama alama ya kuombaomba. Busia ilikuwa kitendea kazi, kama mkokoteni au pikipiki, na aliyeipanda alikuwa na biashara yake na madeni yake kama mfanyabiashara mwingine.

Zaidi ya miaka 100 baada ya Farffler mambo yakarudi nyuma. Uingereza, katika mji wa Bath wenye maji ya moto ya kuponya, vikaja viti vya kifahari ambavyo vilichukua jina la mji huo. Mwenye kukaa alishika usukani mdogo wa mbele, lakini nguvu ya kukiendesha ilikuwa ya mtumishi anayekivuta au kukisukuma. Yaani unaelekeza, hujiendeshi. Kwa tajiri haikuwa shida, mtumishi alikuwepo. Kwa asiye na mtumishi, kiti kile kilikuwa pambo.

Aliyebadilisha mambo kwa kweli alikuwa tena mtu aliyekaa kwenye kiti mwenyewe. Herbert Everest, mhandisi wa migodi Mmarekani, alivunjika mgongo mgodini. Alitaka kuendesha gari lake aende anakotaka, lakini viti vya siku zile havikuingia kwenye gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na rafiki yake Harry Jennings, naye mhandisi, wakaunda kiti cha bomba za chuma chenye vyuma viwili vilivyopishana chini ya kalio kama herufi X. Ukivuta katikati, kiti kinajikunja kama kitabu, unakisukumiza nyuma ya siti na safari inaanza. Kiti chochote cha kukunja unachokiona leo hospitalini ni mjukuu wa kile.

Hapa historia inachekesha kidogo, au inaliza, sijui. Kampuni ya hao marafiki wawili, Everest & Jennings, ilikua mpaka ikalitawala soko, na mwaka 1977 serikali ya Marekani ikaipeleka mahakamani kwa madai ya kuhodhi biashara hiyo. Kitu kilichobuniwa ili mtu mmoja aende anakotaka kikawa ndicho pekee wengine walichoruhusiwa kukinunua.

Ndipo anapoingia Ralf Hotchkiss. Huyu alikuwa mwanafunzi alipopata ajali ya pikipiki mwaka 1966 na kupooza miguu, halafu akawa mhandisi. Mwaka 1980 alifika Nicaragua akawakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja, kwa zamu, na kila kilipovunjika walikirekebisha wenyewe. Badala ya kuwahutubia, akajifunza kwao. Kazi yake kuanzia hapo ikawa kubuni kiti ambacho fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa bomba na beringi zinazopatikana dukani, na kukitengeneza tena kikivunjika. Mawazo yalitoka nchi nyingi, na moja nalipenda kwa sababu ya uchochoro wetu: gurudumu la mbele pana, la mpira, ambalo halizami mchangani. Lilibuniwa Zimbabwe, na mafundi wa viti wanaliita gurudumu la Zimbabwe mpaka leo.

Kiti cha pili cha mjomba, mwaka 2011, kina magurudumu ya mbele mapana ya namna hiyo. Alimpata fundi aliyesomea Moshi, kwenye chuo kilicho KCMC kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti hivi. Nilimsindikiza. Nilidhani tutaonyeshwa viti tuchague rangi. Wapi! Yule kijana alitoa tepu kama ya fundi cherehani akaanza kumpima: upana wa nyonga, urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, goti mpaka unyayo, kalio mpaka chini ya bega. Kisha maswali. Unalala wapi? Choo kiko ndani au nje? Unapanda daladala? Nani anafua mto wa kiti? Unajiinua mwenyewe kutoka kitandani? Akaeleza kwamba gurudumu kubwa likisogezwa mbele kidogo kiti kinakuwa chepesi kusukuma lakini ni rahisi kupinduka nyuma, likirudi nyuma kinatulia lakini mabega yatauma. "Wewe unataka kipi, mzee?"

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Nadhani tangu aanguke hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza anataka nini. Mwishowe akasema, "Chepesi. Kupinduka nitajifunza." Na alipinduka kweli, mara mbili, na akajifunza.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa mwongozo kuhusu viti hivi kwa nchi kama zetu, na ndani yake mna yaleyale: mtu apimwe, aulizwe anakoishi, afungiwe kiti kimkae, afundishwe, afuatiliwe. Kiti cha msaada cha mjomba kilitolewa mwaka uliofuata.

Kiti kizuri kinakufikisha mpaka chini ya ngazi. Hapo ndipo lifti inapoingia kwenye hadithi. Lifti za abiria hazikuanza kwa kumfikiria mlemavu. Mwaka 1854, kwenye maonyesho New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia, akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, na breki yake ikalishika jukwaa lisianguke. Miaka mitatu baadaye lifti ya abiria ikafungwa kwenye duka moja la mjini humo ili wateja wapande juu kununua vyombo. Biashara tu.

Lakini lifti ninayoiwaza mara kwa mara ni ya nyumba moja ya Hyde Park, jimbo la New York. Franklin Roosevelt alipooza miguu kwa polio mwaka 1921, akiwa na miaka 39, kabla hajawa rais. Kiti chake alijiundia: kiti cha kawaida cha mezani, kikafungwa magurudumu, kikawa chembamba cha kupita milangoni. Na nyumbani kwao kulikuwa na lifti ya mizigo ya kuvuta kwa kamba. Akawa anaingia humo, anashika kamba, anajivuta mwenyewe kwa mikono mpaka ghorofani. Wangeweza kuifunga mota, hela ilikuwepo. Alikataa. Aliogopa moto, na aliogopa umeme ukatike yeye akiwa ndani.

Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akapaliwa. "Kumbe rais naye alijua mgao!"

Alikuwa na sababu ya kucheka hivyo. Mwaka 2012 alikuwa akifuatilia fidia yake kwenye ofisi moja mjini, ghorofa ya nne. Lifti ipo, nzuri, ina kioo. Siku ile umeme ulikatika, jenereta likawashwa kwa ajili ya taa na kompyuta lakini si kwa ajili ya lifti. Nikambeba mgongoni ngazi zote. Watu wakatupisha, dada mmoja akasema "pole baba". Kule juu tukaambiwa mwenye faili katoka. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, magoti yanatetemeka, na mjomba alikuwa ameweka kidevu kwenye bega langu bila kusema neno. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilikuwa imepitishwa mwaka 2010, imeandika vizuri kuhusu majengo. Ngazi zilikuwa zilezile.

Denver, Marekani, wenzetu walikasirika zaidi ya pale. Kampuni ya mabasi ya mji ilikuwa imenunua mabasi yasiyo na lifti ya kupandishia kiti. Tarehe 5 Julai 1978 watu 19 wenye ulemavu wakaenda kwenye makutano ya Colfax na Broadway, katikati kabisa ya mji, wakayazunguka mabasi mawili kwa viti vyao na kuyazuia. Walikesha barabarani mpaka tarehe 6, wakiimba kwamba watapanda. Fikiria, bwana: watu ambao mji mzima ulidhani kazi yao ni kungoja, ndio waliousimamisha mji ukangoja. Baadaye mabasi ya Denver yakafungwa lifti, na mwaka 1990 sheria ikaenea nchi nzima. Jambo linalonigusa ni dogo: watu wale wangeweza kuomba magari maalumu yawafuate nyumbani. Walitaka basi lilelile la kila mtu.

Hata Dar tuna kipande chake. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vilijengwa vimeinuka usawa wa sakafu ya basi, hakuna ngazi wala lifti, na hakuna cha kuharibika. Mjomba huenda saa nne asubuhi, watu wakishapungua. Safari yake ya kwanza alipanda Magomeni Mapipa mpaka Kivukoni, akatazama pantoni dakika kumi, akarudi. Nilimuuliza alifuata nini kule. "Nimefuata kwenda," akasema.

Sasa tuna kesi mpya nyumbani. Binamu yangu aliyeko Muscat anataka kumtumia mjomba kiti cha umeme. Kiti cha aina hiyo nacho kina ukoo wake: baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi George Klein wa Kanada aliunda kimoja kwa ajili ya askari waliorudi hawawezi kusukuma hata kwa mikono. Ni kitu kikubwa kwa anayekihitaji, na mabega ya mjomba yameanza kuuma, hilo anakiri mwenyewe. Mama anataka kije haraka. Binamu kashalipa nusu.

Mjomba hajasema ndiyo wala hapana. Jana jioni aliniita, akaniambia nimpigie binamu nimuulize vipimo vya kiti, uzito wake, na betri inauzwa wapi ikifa. Binamu akasoma kwenye karatasi ya dukani: upana sentimita 66, kilo 52 bila betri. Mjomba akaniagiza tepu. Akajisukuma mpaka mlango wa choo, akaishika ncha moja mwenyewe, mimi nikaivuta ile nyingine.

Sitini na moja.

"Andika," akasema. "Halafu tukapime na wa mbele."