Suala la Ari katika Mazoezi: Kutoka Mgunda Mkali hadi Tokyo

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida na askari wa JWTZ, alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia mjini Tokyo kwa muda wa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Waamuzi walitazama picha ya mstari wa mwisho, na tofauti kati ya watu hao wawili ikaonekana kuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1983, hakuna Mtanzania aliyekuwa amepata dhahabu.

Ushindi huo ulipokelewa kwa furaha, na furaha ilistahili. Lakini maelezo yaliyofuata mitaani na maofisini yanatulazimu tuyapime. Yako yaliyosema kwamba watu wa uwanda wa kati wamezaliwa na pumzi. Yako yaliyosema kwamba Simbu ana moyo ambao sisi wengine hatukupewa. Nadharia hizi mbili zinafanana kwa jambo moja: zote zinamfungulia mtu mlango wa kukaa kitako. Ikiwa ari ni kipaji, basi asiyekuwa nacho hana kosa. Na kada anayeanza mazoezi tarehe 1 Januari na kuyaacha kabla ya mwezi kwisha anaweza kujisamehe kwamba hakuumbwa hivyo. Sisi tunashikilia kwamba ari ya mazoezi ni zao la mpango na la umoja wa watu, na kwamba historia ya Singida na ya nchi yetu inalithibitisha jambo hilo.

Na tuanze mbali kidogo. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali. Sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Manyoni. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora ililazimika kulivuka, na Waingereza Burton na Speke walilivuka mwaka 1857 wakiwa nyuma ya migongo ya wapagazi. Maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa vichache. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, juu ya chakula chake na mkeka wake.

Je, watu hao waliendeleaje siku baada ya siku? Wasafiri wa Ulaya walijaza vitabu kwa malalamiko kwamba wapagazi ni wavivu, wakorofi na watoro. Lakini ukisoma habari zao kwa jicho la mtu mzima unaona mpango uliokomaa, ambao wenyewe waliuona bila kuutambua. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na kushika mwendo. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Safari ya miezi iligawanywa katika kambi, na kambi zilifuata maji, kama pale Jiwe la Mkoa. Mtu hakuambiwa atembee hadi Tabora. Aliambiwa atembee hadi kambi ya leo. Palikuwa na ngoma ya kuondokea na nyimbo za njiani. Na miongoni mwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya heshima: kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu. Mwenye kukata tamaa porini alikuwa na wenzake mbele na nyuma, na jina lake lilikuwa linajulikana kijijini.

Tulinganishe na yaliyotokea baadaye. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Wajerumani na Waingereza waliwakamata wananchi wa Tanganyika na nchi jirani kwa mamia ya maelfu wawabebee risasi na unga. Miguu ilikuwa ile ile, mizigo ilikaribiana na ile ya zamani, na njia nyingi zilikuwa zile zile. Lakini lengo halikuwa la mbebaji, chakula hakikumtosha, wala hakuna kijiji kilichomngojea kwa heshima. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Waliopata nafasi walitoroka, na walifanya vyema. Woga unaweza kumwinua mtu asubuhi ya leo. Mlinzi akisinzia, kazi imekwisha. Tunalitaja hili kwa sababu wapo hata sasa wanaodhani kwamba watumishi watafanya mazoezi wakitishwa kwa orodha ya mahudhurio na barua ya onyo.

Basi tuje kwenye riadha yenyewe. Kila mwanafunzi amesikia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968, akaendelea kwa bandeji, na kuingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, na yeye alikuwa wa mwisho. Hadithi hii husimuliwa kana kwamba historia ya mtu huyo ilikwisha usiku ule. Haikwisha. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika mbio hizo hizo ndefu. Kwa maoni yetu, nafasi hiyo ya tano ina mafunzo mengi kuliko lile goti. Kuvumilia maumivu kwa saa moja mbele ya watazamaji ni jambo kubwa. Kurudi nyumbani, kupona, na kuanza tena mazoezi ya miezi bila mtazamaji hata mmoja ni jambo gumu zaidi, na halipigwi picha.

Habari ya Filbert Bayi inatufundisha upande mwingine. Tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1976 dunia ilingoja akutane tena na John Walker wa New Zealand mjini Montreal. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki hiyo kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sahihi haina maana kwamba haukuwa na gharama. Fikiria mwanariadha aliyejiandaa miaka kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo ikafutwa. Kama ari yake ingetegemea siku ile peke yake, ingekufa. Miaka 4 baadaye, mjini Moscow mwaka 1980, Bayi alichukua medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio tofauti kabisa na zile zilizomjengea jina, na Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris ya 2024, nchi yetu haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki.

Juma Ikangaa, mwenyeji wa Dodoma, jirani wa Singida, alimaliza wa pili Boston mwaka 1988, akazidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Katikati ya hizo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01.

Sasa tazameni njia ya Simbu. Rio mwaka 2016, wa tano. London mwaka 2017, shaba ya dunia. Olimpiki ya Tokyo, ambayo mbio zake ndefu zilifanyika Sapporo mwaka 2021, wa saba. Birmingham mwaka 2022, fedha ya Jumuiya ya Madola. Paris mwaka 2024, wa 17. Boston, Aprili 2025, wa pili. Kisha Tokyo. Mstari huu haupandi moja kwa moja kama ngazi. Unapanda, unashuka, na mwaka mmoja kabla ya dhahabu ulikuwa umeshuka sana. Mtu aliyepima ari yake kwa tokeo la mwisho tu angestaafu Paris.

Bayi, Ikangaa na Simbu wote walikuwa askari. Hatuamini kwamba hili ni jambo la nasibu. Kambi ya jeshi humpa mtu vitu ambavyo raia hana: saa maalumu ya kuamka, mwenzake wa kukimbia naye, mkubwa anayeuliza, na siku ya kupumzika ambayo nayo imepangwa. Askari haamki alfajiri kwa sababu leo anajisikia vizuri. Mazoezi yamekwisha kuwa sehemu ya siku, kama chai. Ndiyo maana ni kosa kumwambia karani wa Singida mjini aige moyo wa Simbu, wakati hana hata kimoja katika vile vinavyoulinda moyo ule.

Hapa inafaa tuseme ni nani tunayemzungumzia. Hatumzungumzii mama wa Iramba aliyelima tangu alfajiri na kuteka maji jioni. Mwalimu wa siasa anayemkuta mama huyo njiani akamshauri afanye mazoezi, apokee ndoo. Tunamzungumzia mtu aliyetoka shambani akaingia ofisini, akabaki na ulaji wa mkulima huku kazi yake imekuwa ya kiti. Na mwanafunzi anayejiandaa kuwa mtu wa namna hiyo. Shinikizo la damu na kisukari vinawaondoa watu hawa kazini wakiwa na miaka 50, wakati uzoefu wao ndio kwanza umekomaa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku 5. Mwaka 2016 Serikali ilihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Siku hiyo inafaa kuamsha watu. Lakini siku moja katika mwezi haijengi mwili, na anayengoja Jumamosi hiyo huanza upya kila mara, kwa maumivu yale yale ya mwanzo.

Maumivu hayo ndiyo huwashinda wengi. Mtu aliyekaa miaka 10 anaamka siku moja na kukimbia kilomita 6; kesho yake hawezi kushuka ngazi; keshokutwa anasema mazoezi hayamfai. Amekwenda Tabora bila kambi. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza tabia mpya, na wakaona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tabia haijawa ya kujiendea yenyewe. Kwa wengine ilichukua siku 18, kwa wengine zaidi ya 200. Kwa hiyo anayekata tamaa wiki ya pili hajashindwa jambo lolote. Amehukumu kesi kabla ya mashahidi kufika.

Nchi yetu iliwahi kulitatua suala hili kwa kiwango kikubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vidogo vya kusikiliza redio, wiki baada ya wiki. Kikundi kilisikiliza, kilijadili, kisha kilikwenda kuchimba choo au kufyeka majani kando ya nyumba. Hakuna aliyechimba kwa sababu ya wimbo peke yake. Alichimba kwa sababu wiki ijayo wenzake wangekaa pale pale, na suala la choo chake lingeulizwa.

Watu 10 wa tawi moja au wa bweni moja wanatosha kuanza. Njia ya kando ya Ziwa Singidani au Kindai ipo na haina kiingilio. Wiki ya kwanza watembee dakika 15 tu, hata kama wanaona aibu kwa udogo wake. Daftari liandikwe dakika. Uzito na kilo viachwe hadi mwezi wa tatu. Anayeumwa apumzike na aandikwe kwamba amepumzika, asiandikwe mtoro. Mwendo ushikwe na mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, naye ndiye atangulie, kama kirangozi, na wakimbiaji hodari wa kikundi wavumilie kukaa nyuma yake hadi siku 66 zipite.