Ufundi wa elektroniki: Mwanagenzi anayohitaji kujua Kitale na Bungoma

Katika miji ya Kitale na Bungoma, kutengeneza redio, runinga na simu ni mojawapo ya kazi ambazo kijana anaweza kuanza bila mtaji mkubwa. Hata hivyo, kinachomtofautisha fundi wa kutegemewa na mharibifu wa mali ya watu si wingi wa vifaa mezani, bali utaratibu wa kutafuta hitilafu na cheti cha kuthibitisha kwamba anaujua.

Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, huhudumia wakulima wa mahindi, ilhali Bungoma imo kando ya barabara kuu ya kuelekea mpaka wa Malaba. Vifaa vinavyofikishwa kwa mafundi wa miji hii ni vingi: redio, vikuza sauti, simu, taa za sola na runinga. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, ving'amuzi navyo vimejiunga na orodha hiyo.

Aidha, magharibi mwa Kenya hupata mvua nyingi za radi. Radi inapopiga karibu na nyaya, umeme hupanda ghafla na kuunguza sehemu ya kifaa inayopokea umeme. Ndiyo maana mwanagenzi aghalabu hufunzwa sehemu hiyo mwanzo.

Kazi huanza kwa kumsikiliza mteja. Je, kifaa kilianguka, kilimwagikiwa maji, au kilizimika mvua ikinyesha? Hatua ya pili ni kukagua kwa macho na pua: harufu ya kuungua, kapasita iliyovimba, au kiungo cha risasi kilichopasuka. Hapo ndipo mita hutumiwa kupima waya, swichi na fyuzi, kisha volti katika kila hatua ya saketi.

Fyuzi iliyoungua ni dalili tu. Anayeweka nyingine bila kutafuta chanzo huiona nayo ikiungua, na anayeweka waya mzito badala ya fyuzi anaweza kuteketeza kifaa na hata nyumba ya mteja.

Hatari haimwachi fundi mwenyewe. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ndani ya runinga na chaja nyingi, umeme huo hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja unaofikia takriban volti 340, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Katika runinga za zamani zenye kioo kinene, volti huweza kuzidi 20,000. Kwa hivyo, mwanagenzi hana budi kuondoa umeme uliosalia kwa kutumia rezista, na kupima kabla ya kugusa. Vilevile, anastahili kulehemu penye hewa ya kutosha na kunawa mikono kabla ya kula, kwani risasi ni sumu.

Kuna pia mitego ya kisheria. Sheria ya Habari na Mawasiliano, kufuatia marekebisho ya mwaka 2009, inaharamisha kubadilisha nambari ya IMEI inayotambulisha simu. Kijana anayekubali kazi hiyo kwa ajili ya pesa za haraka anaweza kujipata kizimbani, sawa na yule anayenunua simu ya wizi ili kuitoa spea. Kuandika jina la mteja, tarehe na hali ya kifaa kwenye daftari ni kinga ya bei rahisi.

Daftari hilo husaidia pia mteja anapotoweka. Kabla ya msimu wa upanzi, pesa za familia nyingi za wakulima huelekezwa kwa mbegu na mbolea, na kifaa kilichokwisha kutengenezwa huweza kukaa rafuni kwa miezi. Fundi hana ruhusa ya kukiuza apendavyo, kwani Sura ya 38 ya sheria za Kenya inaeleza masharti ya kuuza bidhaa ambazo wenyewe hawakuzirudia. Njia bora ni kuitisha malipo ya spea mapema.

Mintarafu ya mafunzo, njia ni mbili. Ya kwanza ni darasani. Kitale kuna chuo cha Kitale National Polytechnic, kilichopandishwa hadhi mwaka 2016, na karibu na mji wa Bungoma kuna taasisi ya Sang'alo. Njia ya pili ni uanagenzi chini ya fundi wa jua kali.

Kila njia ina upungufu wake. Aliyetoka chuoni huenda akaielewa saketi kwenye karatasi lakini ashindwe na redio iliyojaa vumbi. Aliyefunzwa kibandani naye huitengeneza redio hiyo kwa muda mfupi, lakini hupitwa na nafasi za kuajiriwa kwa kukosa karatasi.

Pengo hilo huweza kuzibwa na mitihani ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya kiviwanda iliyoundwa kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2011. Mitihani hiyo huanzia Daraja la III na kupanda hadi Daraja la I, na huwapa mafundi waliojifunzia kazini fursa ya kupimwa ujuzi wao. Kwa mwanagenzi mwenye mkono mwepesi lakini asiye na cheti, Daraja la III ndilo pa kuanzia.