Jinsi Waya wa Baharini Ulivyopata Kipimo Chake

Kila aendaye sokoni ajua ya kuwa pishi ya mwuzaji isipolingana na pishi ya mnunuzi, hapana amani baina yao. Nao mchele wauona kwa macho. Je, itakuwaje kwa kitu ambacho ubora wake hauonekani, nacho kikiisha kununuliwa chazamishwa katika kilindi cha bahari? Leo twataka kusimulia habari za waya wa simu wa baharini, na jinsi watu walivyojifunza kwa hasara kubwa kuupima kabla ya kuuzamisha.

Waya huo, ambao siku hizi huitwa kebo, zamani ulikuwa na sehemu tatu. Katikati ni shaba nyekundu, ipitishayo umeme uchukuao habari. Juu ya shaba ni utomvu wa miti ya nchi ya Malaya, uitwao gutapacha, uzuiao umeme usipotee majini. Na nje ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, ili miamba na nanga zisiukate. Mwaka wa 1850 ndugu wawili, John na Jacob Brett, walitandika waya baina ya Uingereza na Ufaransa usio na vazi la chuma, ukakatika upesi. Mwaka wa 1851 ukatandikwa mwingine wenye chuma, nao ukafanya kazi miaka mingi.

Kufaulu huko kukawatia watu haraka. Mwaka wa 1856 Bwana Cyrus Field, mfanya biashara wa New York, pamoja na wenzake wa Uingereza, waliunda kampuni ya kuunganisha Ireland na Newfoundland kwa waya chini ya Bahari ya Atlantiki. Kazi ya kuutengeneza wakapewa mafundi wa mahali pawili, Greenwich na Birkenhead, nao wakahimizwa waimalize kwa miezi michache tu. Ulipokwisha, ikaonekana ajabu: hawa wamesokota chuma kuelekea kuume, na wale kuelekea kushoto! Hapakuwa na aliyewaagiza wafuate namna moja. Ncha mbili hizo zikiungwa, kila upande ungefumua wa mwenzake. Ikawalazimu kubuni kiungo cha mbao kuuzuia. Tena sehemu ya waya iliwekwa nje juani, gutapacha ikalainika, na shaba ikaondoka mahali pake katikati.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Glasgow, William Thomson, akatwaa vipande vya shaba na kuvipima. Akakuta vingine vyapitisha umeme vizuri, na vingine vibaya sana, ingawa machoni vyote vyafanana. Ndipo akasema kwamba mapatano na wauzaji yataje ubora wa shaba, na shaba ipimwe kabla ya kupokewa. Shauri lilikuwa jema, lakini sehemu kubwa ya waya ilikwisha tengenezwa.

Tarehe 5 Agosti 1858 waya ukafika nchi kavu pande zote mbili, watu wakafanya sherehe. Malkia Victoria akampelekea salamu Rais Buchanan wa Marekani: maneno 98, yakachukua saa 16 kupita. Basi fundi mkuu wa umeme, Bwana Wildman Whitehouse, akautia waya nguvu nyingi sana, karibu volti 2,000. Waya dhaifu haukustahimili. Mwanzo wa Septemba habari zikakoma kufahamika.

Wengi walimtupia Bwana Whitehouse lawama yote. Ni kweli kwamba alikosa. Walakini sisi twaona kwamba aliyelipiga teke jungu lenye ufa siye peke yake aliyelivunja. Waya ule ulikwenda baharini na ugonjwa wake.

Msiba wa pili ukafuata. Katika miaka ya 1859 na 1860 ulitandikwa waya wa kwenda Bara Hindi kwa njia ya Bahari ya Sham, nao ukaharibika. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi wenye mali faida yao kila mwaka kwa miaka 50, waya ukifanya kazi au usifanye. Hivyo watu wa kawaida wakaendelea kulipa kodi kwa ajili ya waya uliokuwa bubu.

Ndipo serikali na kampuni ya Atlantiki wakaweka baraza la kuchunguza, chini ya Kapteni Douglas Galton. Likahoji mashahidi wengi, na mwaka wa 1861 likatoa taarifa yake. Katika zaidi ya maili 11,000 za waya zilizokwisha tandikwa baharini, zilizofanya kazi zilikuwa kama 3,000 tu. Baraza halikusema kwamba bahari haishindiki. Lilisema kwamba hasara zile zingaliweza kuepukwa, kama waya ungalichaguliwa, ungalitengenezwa, ungalipimwa na kutandikwa kwa uangalifu.

Lakini kupima kwataka kipimo kimoja. Siku zile kila fundi alikuwa na pishi yake ya umeme: huyu alihesabu kwa maili ya waya wake, na huyu kwa zebaki. Mwaka huo huo wa 1861 wataalamu, Thomson akiwa mmoja wao, wakaanza kutafuta kipimo cha wote. Nacho ndicho kinachoitwa omu hata leo.

Waya mpya wa Atlantiki ulikuwa na ratili 300 za shaba kwa kila maili ya baharini, mahali pa 107 za kwanza. Nao ulipimwa ndani ya maji kabla ya kuvikwa chuma. Mwaka wa 1865 ulikatika njiani. Lakini tarehe 27 Julai 1866 meli Great Eastern ikafikisha mwingine Newfoundland, kisha ikarudi ikauopoa ule wa 1865 na kuumaliza. Kwa elimu hiyo hiyo, mwaka wa 1879 waya wa kutoka Aden ukafika Unguja.

Mwaka wa 1906 mataifa yaliunda baraza la kupatanisha vipimo vya umeme, na rais wake wa kwanza akawa Thomson yule yule, wakati huo akiitwa Lord Kelvin. Baraza hilo lingaliko. Miongoni mwa kanuni zake ni za kupima kama waya wa nyumbani ukishika moto utaueneza.

Ndugu wasomaji, kanuni hizo waweza kuziona kuwa usumbufu na ucheleweshaji. Lakini kila moja ilinunuliwa kwa hasara ya watu waliotutangulia. Tujengapo nyumba, shule au kisima, tukumbuke kwamba sehemu itakayofunikwa ndiyo ipasayo kukaguliwa kwanza, kwa maana ikiisha kufunikwa, ubovu wake hutaujua ila siku ya kuanguka.