Mkono, Bawa, Taa: Historia Fupi ya Indiketa

Neno gari limetoka Bara Hindi. Unguja tunalitumia kwa Toyota iliyoshuka juzi bandarini kutoka Japani, na kwa gari la ng'ombe linaloleta nazi kutoka shamba. Huyu wa ng'ombe hana kitufe. Akikata kona, ana mkono tu. Na mkono ndo mama wa indiketa zote.

Mwaka 1914 Florence Lawrence, mwigizaji wa filamu bubu mzaliwa wa Kanada, alibuni bendera ya nyuma ya gari inayoinuka kwa kubonyeza kitufe. Hakuilinda kisheria, na faida hakuiona. Waingereza wao walitumia bawa: Morris Minor ya mwaka 1948 ilichomoa kijibawa ubavuni, upande ule dereva anaokwenda. Kabla ya hapo, Buick za mwaka 1939 zilishatoka kiwandani na taa za kuwaka na kuzima. Ujanja wa vifaa vile vya zamani ulikuwa joto: umeme unapasha kipande cha chuma, kinajipinda, njia inakatika, kikipoa kinarudi. Ule mlio wa tik-tak ulikuwa chuma kikihema.

Hazadi zilikuja baadaye, na zinatumia balbu zilezile. Hapo ndipo fundi mmoja wa Mwanakwerekwe alipoanzia nilipompelekea gari yangu, indiketa zimekufa.

"Usifungue kitu, mwanangu. Bonyeza hazadi kwanza."

Zikawaka zote. Basi balbu nzima, akasema. Tutazame fyuzi ya indiketa na swichi ya usukani. Zingegoma zote mbili, angeshuku fyuzi ya hazadi au kile kifaa cha kukatakata umeme. Na upande mmoja ukienda mbio kuliko mwengine?

"Balbu imeungua, au waya wa bodi umeliwa na kutu. Sisi tunaishi na chumvi."

Fyuzi ilikuwa imekatika. Kazi ya dakika tano. Lakini kuna ubovu ambao fundi hauwezi, nao ni wa lugha. Madereva wengi wetu wakifika njia panda huwasha hazadi kumaanisha "naenda moja kwa moja". Kwenye gari maana iko wazi. Sasa simama wewe barabarani Michenzani, upande wa kushoto, umemshika mkono mtoto wa skuli. Taa za kulia huzioni, zimezibwa na daladala. Unaona moja tu ya kushoto inapepesa, nawe unasoma: huyu anakata kushoto, tuvuke. Dereva hakudanganya, nawe hukukosea kusoma. Alama moja imebebeshwa maana mbili, na anayelipa ni anayetembea kwa miguu.

Hazadi maana yake ni moja: nimekwama, nipishe. Kwenda moja kwa moja hakuna taa yake. Ukiziacha zimezimwa, umeshasema.