Vyombo vinavyofaa kuhifadhia maji ya dharura nyumbani

WAKAZI wa Kericho na Bomet wamezoea kuona mawingu yakitanda alasiri juu ya mashamba ya majani chai, na huenda ndiyo sababu wengi hawaweki akiba ya maji. Hata hivyo, kiangazi cha kati ya Disemba na Machi hupunguza maji ya chemchemi, hasa katika sehemu kavu za Bomet kama Chepalungu. Masika nayo yanapoanza, Mto Nyangores na mito mingine itokayo Msitu wa Mau hujaa tope. Bomba likipasuka wakati kama huo, familia hutegemea yaliyomo nyumbani.

Kabla ya kununua chombo, ni vyema kukadiria mahitaji. Akiba ya chini kabisa ya kunywa na kupikia ni takriban lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa muda wa siku 3. Familia ya watu 5 basi huhitaji lita 60, yaani mitungi 3 ya plastiki ya lita 20. Yakijumlishwa maji ya kuoga na kufua, viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia hiyo itahitaji lita 225, kiasi kinachozidi pipa la lita 200.

Kwa maji ya kunywa, chombo bora ni chenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachokaza. Maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huchafuka nyumbani pindi mtu anapotumbukiza kikombe au mkono ndani ya ndoo. Kwa sababu hiyo, miradi ya afya huko Homa Bay ilihimiza matumizi ya vyungu vilivyofinyangwa upya, vyenye mdomo mdogo, kifuniko na mfereji wa kuchotea. Asiye na mtungi anaweza kutumia ndoo yenye kifuniko na mfereji.

Mnunuzi aangalie alama ya pembetatu chini ya chombo. Tarakimu 1, 2 au 5 huonyesha aina za plastiki zinazotumiwa sana kwa vyakula na vinywaji. Hata hivyo, alama hiyo hutaja plastiki tu, wala haielezi chombo kilibeba nini awali.

Hapo ndipo penye hatari kubwa katika maeneo ya kilimo. Mitungi iliyokuwa na dawa za kuua magugu au wadudu isitumiwe kamwe kuwekea maji, hata ikioshwa mara ngapi, kwani sumu hupenya ndani ya plastiki. Itobolewe ili isirudi sokoni. Vyombo vya mafuta ya taa na rangi navyo viepukwe. Vya plastiki vilivyobeba maziwa havifai pia, kwa kuwa masalio ya mafuta hulisha viini. Nao mabati hushika kutu, hasa maji yakitiwa klorini.

Mvua yenyewe ni hazina. Milimita 10 zikinyesha juu ya paa la mita mraba 50 zinaweza kutoa hadi lita 500. Maji ya kwanza yaachwe yasafishe paa, na tangi liwe la rangi nzito isiyopitisha mwanga ili kuzuia ukungu wa kijani. Pipa au tangi lifunikwe imara, kwani mbu huzaliana humo na mtoto mdogo anaweza kuzama.

Mtungi huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kabla ya kujazwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwenye miinuko ya mita 2,000, kama Kericho, maji huchemka kwenye nyuzijoto karibu 93, hivyo yaachwe yatokote kwa dakika 3. Mlipuko wa kipindupindu uliokumba Bomet mwaka wa 2015 ulidhihirisha kwamba hata nchi yenye mvua tele haijaepukana na maradhi ya maji machafu.

Hatimaye, mitungi iandikwe tarehe, iwekwe kivulini mbali na mafuta ya taa, na maji yabadilishwe kila baada ya miezi 6. Mtungi wa lita 20 ukijaa huwa na uzani wa kilo 20 na zaidi. Kwa hivyo nyumba yenye wazee au watoto iwe na midogo ya lita 5 au 10 ambayo kila mmoja ataweza kuibeba.