Kufupisha Kitabu, Kurefusha Maelezo: Vitabu vya Kiingereza Vilivyorahisishwa na Msomaji wa Tumbe, Pemba

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua inahusu vitabu ambavyo wasomi wengi huona haya kukiri kwamba waliwahi kuvisoma. Navyo ni vile vitabu vyembamba vya hadithi za Kiingereza, vilivyofupishwa na kuandikwa upya kwa maneno machache ili mgeni wa lugha hiyo aweze kuvimaliza. Skulini huitwa vitabu vya ziada, na jina lenyewe laonesha daraja viliyopewa: vikiwepo ni vizuri, visipokuwepo hakuna anayeulizwa. Wanahistoria wa fasihi wamevipita, na watunga sera wamevikumbuka pale tu mambo yalipoharibika.

Nitavitazama vitabu hivi nikiwa nimesimama Tumbe, kijiji cha wavuvi kilichoko Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Sikukichagua kwa sababu kina maktaba kubwa. Nimekichagua kwa sababu mtoto wa huko hukutana mapema na lugha tatu za kusomwa: Kiarabu cha chuoni, Kiswahili Sanifu cha skuli ya msingi na Kiingereza cha sekondari. Wala mambo ya kigeni si mageni mahali hapo. Uchimbuaji wa akiolojia uliofanywa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher umeonesha kwamba Tumbe palikuwa na makazi makubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi vimepatikana humo. Watu wa pwani hii wamezoea kupokea kitu cha mbali na kukitafutia matumizi ya nyumbani.

Hoja yangu ni kwamba ziko njia mbili za kumsaidia mtu asome maandishi ya lugha asiyoimudu. Ya kwanza ni kukifupisha kitabu mpaka kimfikie msomaji. Ya pili ni kurefusha maelezo mpaka msomaji akifikie kitabu. Historia ya pwani yetu yaonesha kwamba njia hizi zilipokwenda pamoja zilizaa matunda, na zilipotenganishwa mwanafunzi ndiye aliyelipa gharama.

2.0 Mafunzo ya Chuoni

Tuanzie pale mtoto anapoanzia. Chuoni mwanafunzi hajifunzi Msahafu kuanzia sura ndefu za mwanzo. Akishazijua herufi na irabu zake, huingizwa katika Juzuu Amma, ambamo mna sura fupi fupi za mwisho, kisha hupanda kidogo kidogo kuelekea sura ndefu. Kwa hiyo fikra ya kumpandisha msomaji kwa daraja haikuletwa Pemba na kampuni za uchapaji za London. Ilikuwepo, na kila mzazi wa Tumbe aliifahamu.

Hata hivyo iko tofauti kubwa. Chuoni daraja ni ya urefu na matamshi; haigusi neno hata moja la matini. Hakuna mwalimu anayethubutu kubadilisha aya ili iwe nyepesi. Maana huja baadaye, katika darsa, ambapo sheikh husoma sentensi ya Kiarabu kisha akaifasiri kwa Kiswahili, akatoa mfano, akarudi nyuma, akaendelea. Kitabu hubaki kama kilivyo na maelezo ndiyo yanayorefuka. Kazi hiyo ya mdomo ilikuja kupata sura ya maandishi katika tafsiri na maelezo ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, *Qurani Takatifu*, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969.

Chuo kilimwachia mtoto kasoro moja na faida moja. Kasoro ni mazoea ya kutamka bila ya kuelewa, na mazoea hayo huvuka naye hadi kwenye Kiingereza. Faida ni imani kwamba maandishi magumu yana maana, na kwamba maana hiyo yaweza kufikiwa kwa msaada wa lugha ya mama.

3.0 Hadithi Nyepesi Zilikuja kwa Kiswahili

Sasa tuitazame njia ya kufupisha. Mwaka 1807 Charles na Mary Lamb walichapisha Uingereza kitabu kilichozigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa hadithi za nathari kwa ajili ya vijana. Walengwa wao walikuwa watoto wa Kiingereza wenyewe. Jambo hili lastahili kukumbukwa kila tunaposikia kwamba kitabu kilichorahisishwa ni chakula cha watu wasiojua lugha: Waingereza waliwarahisishia wana wao kwanza.

Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefika Unguja mwaka 1864, alichukua hadithi nne za akina Lamb, miongoni mwake ile ya Mfalme Lear na ile ya mfanyabiashara wa Venisi, akazitoa kwa Kiswahili mwaka 1867. Kwa hiyo Shakespeare alipoingia kwanza Visiwani katika maandishi, aliingia akiwa amekwisha kufupishwa, na aliingia akisema Kiswahili. Kufupisha na kufasiri vilifika katika jahazi moja.

Mtindo huo uliendelea. Katika miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930, Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alitoa *Kisiwa Chenye Hazina*, *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Safari za Gulliver*. Vitabu hivyo vilikusudiwa wanafunzi, na vilikuwa na kazi mbili: kuwapa hadithi za kusoma, na kukieneza Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ulivyoamua mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

Hapa msomaji wa Tumbe ana neno la kusema. Kwake yeye hata Kiswahili hicho kilikuwa lugha ya kujifunza kwa kiasi fulani. Nyumbani alisema *ntu* na *nchele*. Kitabu kilimtaka asome *mtu* na *mchele*. Umbali huo si mkubwa, na aliuvuka. Ila tusisahau kwamba aliuvuka, kwa kuwa mwanafunzi wa mahali hapo alitakiwa kupanda ngazi hata pale wengine walipokuwa wakitembea sakafuni.

Vitabu vya Johnson vilimpa kitu ambacho Kiingereza peke yake kisingempa. Hadithi ya Stevenson ni hadithi ya bahari. Mtoto aliyekulia baina ya ngalawa na madema, anayejua kusi na kaskazi, na ambaye wazee wake huenda dago, aliposoma habari za nanga, tanga na mlingoti kwa Kiswahili hakuhitaji picha wala kamusi. Akikutana baadaye na hadithi ile ile kwa Kiingereza chepesi, alikuwa tayari na nusu ya maana. Lililobaki kwake lilikuwa lugha.

Matunda ya usomaji wa aina hii yalionekana pia kwa waandishi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Wahakiki wamekwisha kuonesha jinsi Bwana Msa na Najum wanavyofuata nyayo za Sherlock Holmes na Watson. Lakini shamba ni la Unguja na mizimu ni ya Unguja. Alichokikopa mwandishi alikilipa kwa riba.

4.0 Michael West na Hesabu ya Maneno

Vitabu vya Kiingereza chepesi tunavyovijua leo vina asili nyingine, nayo iko Bengal. Michael West, ofisa wa elimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Dacca, alichapisha mwaka 1926 utafiti juu ya watoto waliosoma kwa lugha mbili. Aliona kwamba wengi wao waliacha skuli mapema, na kwamba aliyeacha mapema aliondoka mikono mitupu. Akashauri wafundishwe kusoma kwanza, ili anayekatiza njia aondoke na kitu cha kumfaa. Kisha akaandika upya hadithi mashuhuri, akiondoa maneno adimu, akiweka ya kawaida, na kuyatawanya maneno mapya ili yasimwelemee msomaji katika ukurasa mmoja. Orodha yake ya maneno ya kawaida, yapatayo 2,000, ilitoka katika sura yake ya mwisho mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa kipimo cha waandishi wa vitabu hivi.

Fikra ya West ilikuwa ya huruma, na ingeweza kuwa imeandikwa kwa ajili ya Tumbe, ambako kijana huweza kuitwa na bahari kabla ya mtihani. Lakini kipimo chake kilikuwa na upande. Maneno yalihesabiwa kutokana na maandishi ya Waingereza na Wamarekani, na neno likaitwa la kawaida kwa sababu ni la kawaida kwao. Neno la theluji limo katika orodha. La mkoko halimo, wala la pepo za msimu. Kwa msomaji wa Tumbe kitabu chepesi kilikuwa chepesi kwa sarufi na kizito kwa mambo yake. Hakuna orodha itakayolimaliza tatizo hilo. Humalizwa na mwalimu anayesimama na kueleza kwa lugha ya mtoto theluji ni kitu gani. Hapo tunarudi kwenye darsa.

5.0 Ngazi Iliyokosa Vidato

Neno *kidato* lina maana ya hatua ya kupandia kabla ya kuwa na maana ya darasa la sekondari. Mwanafunzi wa Zanzibar alisoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akakuta sayansi, jiografia na hesabu kwa Kiingereza. Palikuwepo darasa la maandalizi la mwaka mmoja la kumtia nguvu kabla ya Kidato cha Kwanza. Liliondolewa katika mabadiliko yaliyotokana na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, sera iliyokusudia Kiingereza kitumike katika hisabati na sayansi kuanzia Darasa la Tano.

Tanzania Bara ilipata funzo lake mapema zaidi. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza, wakakuta kwamba kwa takriban nusu ya wanafunzi wa sekondari elimu ya masomo mengine ilikuwa haiwafikii. Pamoja na hayo walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Dawa iliyofuata, kwa msaada wa Uingereza, ilikuwa mradi ulioanza mwaka 1987, na nguzo yake moja kubwa ilikuwa ni kupeleka skulini vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa.

Vitabu hivyo havikuwa na kosa. Kijana asiyeweza kusoma kitabu cha kiada cha biolojia alipata walau kitabu cha Kiingereza anachoweza kukimaliza, na kumaliza kitabu ni jambo kubwa katika maisha ya msomaji. Kosa lilikuwa kuvibebesha mzigo wa sera nzima. Hadithi ya kurasa 60 yaweza kumfundisha mtu kupenda kusoma. Haiwezi kumfundisha usanisinuru. Na pale Kiswahili kilipoonekana darasani kama aibu ya kufichwa, mwanafunzi alinyang'anywa ile njia ya pili, ya maelezo, ambayo babu yake aliitumia darsani bila ya kuona haya.

6.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu. La kwanza, vitabu vyepesi viache kuitwa vya ziada, na vihesabiwe kuwa haki ya kila anayejifunza lugha, hasa katika skuli za vijijini ambako hakuna duka la vitabu. La pili, visomwe sambamba na Kiswahili: hadithi moja kwa lugha mbili, na mwalimu mwenye ruhusa ya kufasiri. Steere na Johnson, kwa sababu zao wenyewe, walitutangulia katika hilo. La tatu, viandikwe vingine ambavyo bahari yake ni ya Tumbe. Kiingereza chaweza kuwa chepesi na bado kikazungumzia mikoko, mnada wa samaki na upepo wa kusi.

Mtoto wa Tumbe hahitaji kuhurumiwa. Amekwisha kupanda Juzuu Amma, amekwisha kuvuka kutoka *ntu* hadi *mtu*. Anachotudai ni ngazi yenye vidato vyote, na mtu wa kumshikia chini.