Vita Vilitoka Barabarani, Vikaingia Nyumbani

Leo sitazungumza juu ya mapatano ya wakubwa wala juu ya majeshi. Nataka tuingie nyumbani, tukae karibu na makaa, tuulizane: kwa nini nyumba nyingi za kwetu Kivu hazina amani hata siku ile bunduki imenyamaza?

Nianze na nyumba ninayoijua. Mwezi wa 10 mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, nilikuwa mtoto wa miaka 6. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Walungu, baba amebeba godoro kichwani. Njiani watu wenye silaha walimwamuru apige magoti. Walimpiga makofi na mateke mbele yetu, wakachukua fedha zake na viatu vyake. Hakusema neno. Tuliporudi mjini alikuwa mtu mwingine. Mlango ukigongwa usiku, aliruka. Alilala amevaa viatu. Alianza kunywa kanyanga. Na jioni moja, kwa sababu sombe haikuwa na chumvi, alimpiga mama kwa mara ya kwanza. Haikuwa ya mwisho. Sisi watoto tulijifunza kusikiliza hatua zake nje, ili tujue kama ni siku nzuri au siku mbaya.

Nilipomaliza masomo ya sheria, niliamini kwamba sheria itatosha. Leo naamini kwamba sheria ni ya lazima, lakini peke yake haifiki ndani ya moyo wa mtu. Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo katika historia yetu.

Mwaka 1885, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, aliifanya nchi hii kuwa mali yake. Kule Ikweta, askari waliwakamata wanawake wa vijiji na kuwafunga mpaka waume zao walete mpira wa msituni. Tume ya uchunguzi iliyowekwa na mfalme mwenyewe ilisikia mashahidi wa mambo hayo, na taarifa yake ilitoka mwaka 1905. Fikirini, baba zangu: mwanaume anasimama mbele ya mke wake aliyefungwa, naye hawezi kumfungua ila kwa kutii. Wengine walipigwa kiboko, ule mjeledi wa ngozi ambao Wabelgiji waliuita chicotte. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, lakini kiboko kiliendelea hadi karibu na uhuru wa 1960. Mtu mzima, baba wa watoto, alilazwa chini na kuchapwa hadharani kama mtoto. Kisha alirudi nyumbani. Je, nani alimuuliza moyo wake unaumaje?

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuja. Askari wa Force Publique walivuka kutoka Kivu kuwapiga Wajerumani, na tarehe 19/9/1916 waliuteka mji wa Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Nyuma yao walikwenda wabeba mizigo, maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Mwaka 1915, katika vita hivyo hivyo, daktari Mwingereza Charles Myers alikuwa amekwisha kuandika juu ya askari ambao mwili hauna jeraha lakini wanatetemeka, hawalali, wanasahau. Wazungu walianza kufungua hospitali kwa ajili ya watu hao. Mbebaji wetu aliyerudi kutoka Tabora hakupata daktari wa namna hiyo. Alitakiwa kunyamaza na kulipa kodi.

Hata huko ugenini, elimu hiyo ilikwenda polepole. Ni mwaka 1980 tu, baada ya vita vya Vietnam, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouandika rasmi ugonjwa huu katika kitabu chao cha magonjwa. Dalili zake sisi tunazijua bila kitabu: ndoto mbaya, kushtuka, hasira ya ghafla, kukimbilia pombe, kukaa na watu kama hupo.

Sasa tutazame miaka yetu wenyewe. Mwaka 1993, vita vya Masisi na Walikale. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma na Bukavu, na kipindupindu kikaua watu wengi. Mwaka 1996 vita, na tarehe 29/10 mwaka huo Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu. Mwaka 1998 vita tena. Mwaka 2004 Bukavu ikatekwa, mwaka 2012 Goma, na mwaka 2025 miji yote miwili. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1993 amekuwa mzazi bila kuona miaka 10 ya utulivu.

Katika vita hivyo wanawake walibakwa; ulimwengu umelijua jambo hilo, na Daktari Mukwege wa Panzi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yake. Jambo ambalo tunalisema kwa sauti ya chini ni kwamba waume wengi walilazimishwa kutazama. Na wanaume wengine walitendewa hayo hayo katika miili yao wenyewe. Wengi wao waliwafukuza wake zao, si kwa sababu mke alikosa, bali kwa sababu kila wakimtazama waliona siku ile waliposhindwa kumlinda. Zaidi ya hayo walipoteza shamba, ng'ombe na kazi. Mwanaume aliyefundishwa kwamba thamani yake ni kulinda na kulisha alijikuta hana la kulinda wala la kulishia. Akabaki na ngumi tu.

Ndugu wasikilizaji, hapa naomba mnisikie vizuri. Kueleza si kusamehe kosa. Mama yangu pia alikuwa barabarani siku ile. Naye aliona, naye alikimbia, naye alilala njaa, lakini hakumpiga mtu. Kumpiga mke ni kosa la jinai: Kanuni ya Adhabu inaadhibu anayepiga na kujeruhi kwa makusudi, wala haisemi "isipokuwa mume". Katiba ya 18/2/2006, kifungu cha 14, inaagiza serikali ipigane na jeuri juu ya mwanamke hadharani na hata ndani ya nyumba. Ni kweli, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilisema mke amtii mume, na ilimtaka apate ruhusa yake kabla ya kufanya mkataba au kwenda mbele ya tribinali. Lakini sheria ya 15/7/2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Anayesema leo "sheria inanipa haki ya kumrudi mke wangu" anadanganya.

Basi, tufanye nini? Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika miaka ya 2010 yalianza Goma na Kivu Kusini makundi ya wanaume yanayoitwa Living Peace, maana yake kuishi kwa amani. Wanaume kama 15 hukutana kila juma, kwa majuma 15 hivi, pamoja na mtu aliyefundishwa kuongoza. Kanuni ya kwanza ni siri: linalosemwa hapo halitoki. Kila mmoja husimulia aliyoyaona, na pia aliyoyatenda nyumbani. Hujifunza kutambua hasira inapoanza kupanda, kutoka nje kabla mkono haujainuka, kugawana kazi za nyumba, kupanga fedha pamoja na mke. Wake zao nao huitwa waseme kama kweli kuna badiliko. Hilo ni la maana sana, kwa sababu shahidi wa kupona kwa mwanaume ni yule aliyekuwa akipigwa.

Baba yangu, akiwa mzee, alikubali kukaa na wenzake wa mtaa katika mazungumzo ya namna hiyo. Siku moja alirudi, akatuita wote, akasimulia habari ya barabara ya Walungu, ambayo hakuwahi kuitaja kwa miaka karibu 20. Alilia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimesikia, baba. Lakini mkono wangu ulivunjika, na hilo pia liseme." Akalisema, akataja hata mwaka. Tangu siku hiyo hatusikilizi tena hatua zake.

Kabla hatujaachana, ninyi mnaosikiliza katika vikundi, mzungumze juu ya maswali haya. Katika mtaa wetu, mwanaume mwenye jeraha la moyo anaweza kwenda kwa nani? Nani anamlinda mke na watoto wakati yeye bado hajapona? Na watoto wetu wa kiume, tunawafundisha nini tunapowaambia kwamba mwanaume halii?

Tukutane juma lijalo, na amani ianze kwenu.